Kolwezi ya sinema na Kolwezi ya Mei 1978

Kijana wa Kolwezi anayetafuta vita ya mji wake katika simu hachelewi kukutana na filamu ya Wafaransa, La légion saute sur Kolwezi, yaani Legioni yaruka juu ya Kolwezi. Ilitoka mwaka 1980, miaka miwili tu baada ya ile inayoitwa Vita ya Siku Sita. Mwongozaji ni Raoul Coutard, na hadithi imetolewa katika kitabu cha Pierre Sergent, aliyekuwa afisa wa Legioni. Basi tangu mwanzo inajulikana msimulizi amekaa upande gani.

Kwa mambo ya kijeshi, filamu hiyo si ya kubeza. Coutard alikuwa mpiga picha katika vita ya Indochina kabla ya kuingia katika sinema, na alijua kwamba askari hungoja zaidi kuliko anavyopiga risasi. Matukio makubwa yamefuata historia. Jumamosi tarehe 13 Mei 1978, wapiganaji wa FNLC wa Nathanaël Mbumba, wale walioitwa Tigre, waliushika mji wakitoka Angola kwa kupitia Zambia. Huko Kinshasa, balozi wa Ufaransa na maofisa wake wakaisukuma Paris iamue. Ijumaa tarehe 19 alasiri, askari 400 hivi wa kikosi cha 2e REP, chini ya Kanali Philippe Erulin, wakaruka kwa parashuti. Walikuwa wametoka Corsica, wakapewa parashuti za Kimarekani wasizozizoea, wakashindiliwa ndani ya ndege kama mifuko ya unga. Mtunzi wa riwaya angeandika hivyo, angeambiwa anatia chumvi.

Shida inaanza ukitazama nyuma ya askari. Filamu ilipigwa Guyane ya Ufaransa, Amerika ya Kusini, nchi ya msitu na mvua. Kolwezi mwezi wa tano kiangazi kimeingia: majani marefu yanakauka, vichuguu vimesimama kama vibanda, baridi ya usiku inauma, na vumbi la mgodi linakaa juu ya mabati. Askari wa kweli waliangukia katika majani hayo, kati ya vichuguu hivyo, wakawa wanatafutana. Pale palikuwa na hofu ya kutosha filamu nzima.

Hata hivyo, kosa la mahali linasameheka. La watu ndilo zito. Katika filamu, mzungu wa Kolwezi ana jina, mke, kazi na hofu yake. Mtu mweusi, mara nyingi, ama ameshika bunduki ama anapita nyuma ya picha. Wazungu zaidi ya 100 waliuawa siku zile, na hakuna haja ya kulipunguza hilo. Lakini Waafrika waliokufa wanahesabiwa kwa mamia. Hesabu inayotajwa sana ni 700 hivi. Hao nao walikuwa na wake na kazi, wengi wao katika Gécamines. Hata Meja Mahele wa jeshi la Zaire, ambaye watu wake waliushika uwanja wa ndege tarehe 17, siku mbili kabla ya Legioni kufika, angestahili filamu yake peke yake.

Likasi ilipata bahati ya namna hiyo hiyo. The Siege of Jadotville ya mwaka 2016, iliyopigwa Afrika Kusini, inasimulia askari zaidi ya 150 wa Ireland, wa Umoja wa Mataifa, waliozingirwa huko Septemba 1961. Kwa usimulizi inaizidi ile ya Coutard: maji yanaisha, risasi zinaisha, na mtazamaji anahesabu pamoja na kamanda Pat Quinlan. Ilisaidia pia kuwarudishia heshima watu waliodharauliwa kwao kwa sababu walijisalimisha. Lakini majandarma wa Katanga wanakuja mbio na kuanguka, wanakuja tena na kuanguka, kama nyasi zisizo na mama. Tena filamu inaonyesha waziwazi ndege ya Dag Hammarskjöld ikitunguliwa. Jaji Mohamed Chande Othman wa Tanzania, aliyepewa na Umoja wa Mataifa kazi ya kuchunguza ajali hiyo ya Ndola, aliandika mwaka 2017 kwamba shambulio kutoka nje linawezekana. “Linawezekana” ni neno la mchunguzi. Sinema haikuwa na subira nalo.

Na kwa wapenda hadithi za upelelezi, 1978 ilikuwa na nyingine kubwa zaidi, mbali na parashuti. Rais Carter wa Marekani alisema Cuba ilijua mpango wa Tigre na haikufanya kitu kuuzuia. Fidel Castro akajibu kwamba alijua, na alijaribu kuuzuia. Ndani ya majibu hayo mawili mna filamu ya kumnyima mtu usingizi: nani alimwambia nani, lini, na kwa nini mji wa watu maelfu haukuonywa na yeyote.

Legioni iliondoka baada ya wiki chache, na askari wa Afrika, wengi wao Wamoroko, wakachukua nafasi. Wazungu walikuwa wamekwisha kuondolewa kwa ndege. Wenye mji, hasa Walunda walioogopa kisasi cha askari wa Mobutu, wengi walikimbilia Angola, kama wengine walivyofanya baada ya vita ya siku 80 ya mwaka 1977. Walibeba watoto, sufuria na godoro wakishika njia ya Dilolo. Wapo waliozaliwa ng’ambo ya mpaka katika safari hizo, ambao leo ni watu wazima wenye wajukuu, na hawajaiona njia hiyo katika filamu yoyote kati ya hizi.