Walio Nje ya Mstari wa Komunyo: Ndoa kwa Hatua, Imani na Shaka katika Mwambao wa Lituhi

Tarehe 11 Januari 2024 Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, kwa niaba ya SECAM, chombo kinachounganisha mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika na Madagaska, alitangaza kwamba baraka kwa wapenzi wa jinsia moja, zilizoruhusiwa kwa masharti na hati ya Vatikani Fiducia Supplicans ya Desemba 2023, hazitatolewa katika makanisa ya bara hili. Tamko hilo lilisimama juu ya Maandiko na mafundisho ya Kanisa. Pamoja na hayo, lilitaja utamaduni wa jamii za Kiafrika. Waanglikana wa Tanzania walikuwa wametangulia kwa njia yao katika suala hilo: Desemba 2006 maaskofu wao walitangaza kuwa ushirika wao na Kanisa la Kiepiskopali la Marekani umeathirika vibaya.

Sikusudii kupima hapa kama majibu hayo yalikuwa sahihi. Ninachofuatilia ni yule shahidi wa tatu, utamaduni. Shahidi akishaapishwa, haki inataka asikilizwe mpaka mwisho, hata atakapoanza kusema yasiyompendeza aliyemwita. Na kuhusu mapenzi, uzazi na ndoa, utamaduni wa mwambao wa Ziwa Nyasa una jambo ambalo makanisa yetu yamelisikia kwa zaidi ya karne moja bila kuliandika kwenye kumbukumbu za shauri.

Chukua Lituhi, karibu na mahali Mto Ruhuhu unapoingia ziwani, ng'ambo yake Manda. Wilaya ni Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, na kwa Wakatoliki jimbo ni Mbinga, lililoundwa mwaka 1986. Ukishuka pwani kwa kusini unafika Liuli, kituo kikongwe cha Waanglikana wa misheni ya UMCA, alikofia William Percival Johnson mwaka 1928 baada ya miongo mingi ya kuhubiri katika vijiji vya ziwa hili. Ni nchi ya Wakristo kwa vizazi. Hapa hakuna haja ya kumshawishi mtu kwamba Mungu yupo.

Sasa tazama Misa ya Jumapili katika kigango chochote cha mwambao huu wakati wa komunyo. Mstari unaundwa, na sehemu kubwa ya watu wazima inabaki kwenye mabenchi. Mama anawasukuma watoto wake wawili waliokwisha kupata komunyo ya kwanza waende mbele, kisha anakaa na kumpakata yule mdogo. Huyu mama ndiye aliyeupikia ugeni wa padre, zaka yake imeandikwa kwenye daftari la jumuiya, na sala ya rozari mwezi wa kumi ilifanyika uani kwake. Lakini haruhusiwi kusimamia ubatizo wa mtoto wa jirani, kwa sababu yeye na baba watoto "hawana ndoa".

Kwa ukoo wake, hata hivyo, ndoa ipo, au iko njiani. Mshenga alikuja, barua ya posa ikajibiwa, sehemu ya mahari ikapokelewa na nyingine ikaahidiwa baada ya mavuno, mtoto akazaliwa, wajomba wakala na kunywa. Kila hatua iliongeza uzito kwenye fundo. Kanisa linahesabu siku moja: siku ya viapo mbele ya padre na mashahidi wawili. Kabla ya siku hiyo kuna uzinzi, baada yake kuna sakramenti, na katikati hakuna kitu.

Kwa nini siku hiyo inachelewa? Mahubiri hutaja uvivu wa kiroho, na vijana hutaja gharama. Gharama ni kweli, maana kamati ya harusi na kadi za michango zimeigeuza harusi kuwa mradi, na familia inayotegemea dagaa na muhogo haina mkopeshaji. Ila nadhani sababu nzito zaidi ni shaka, na ni shaka inayostahili heshima. Mtu anatakiwa aape mbele ya Mungu, bila mlango wa kutokea, kabla hajajua kama ndoa itazaa. Anajua ndugu zake watasema nini miaka mitano ikipita bila mtoto, na anajifahamu mwenyewe, kwamba huenda hatawamudu. Basi anangoja. Anayeogopa kuvunja kiapo anaamini kwamba kiapo kinasikika. Nimewahi kufikiri kwamba wengi wa wanaobaki kwenye mabenchi wanaichukulia ndoa ya Kikristo kwa uzito zaidi kuliko baadhi ya wanaoifunga kwa shangwe na matarumbeta.

Itajibiwa kwamba Kanisa haliwezi kubadili sakramenti kwa sababu ya hofu za watu. Ni kweli, lakini tutofautishe sakramenti na utaratibu wake. Kwa karne nyingi ridhaa ya mume na mke ilitosha kuifanya ndoa ya Wakristo kuwa halali, hata bila padre. Ni Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliodai paroko na mashahidi, tena kwa sababu ya msingi, kukomesha ndoa za siri zilizowaacha wanawake mikono mitupu. Amri ya Ne Temere ilieneza sharti hilo karibu dunia nzima kuanzia Pasaka ya 1908, miaka kumi tu baada ya Wabenedikto kufika Peramiho.

Waanglikana nao wana historia inayofundisha. Mkutano wa maaskofu wao wa Lambeth wa 1888 ulikataa kumbatiza mume wa wake wengi, na ule wa 1988 ukaruhusu abatizwe pamoja na wakeze na watoto kwa masharti, likiwemo la kutoongeza mke. Miaka mia moja ilihitajika. Katika kusini hii hii ya Tanzania, UMCA hiyo hiyo ilishaonyesha ujasiri mwingine: Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, aliliingiza jando ndani ya Kanisa, likaendeshwa na Wakristo chini ya sala zao. Kwa wasichana jitihada ya namna hiyo haikufanikiwa vile. Swali langu ni dogo: ikiwa safari ya mvulana kuwa mwanamume iliweza kupewa sala kwenye vituo vyake, nini kiliizuia safari ya wawili kuwa mke na mume?

Wanateolojia wetu hawakulala. Bénézet Bujo wa Kongo aliitetea ndoa ya hatua kwa hatua kwa miaka mingi. Adrian Hastings, aliyewahi kuwa padre Uganda, aliandika juu ya ndoa za Kikristo Afrika mwaka 1973 kwa ombi la maaskofu wakuu wa Kianglikana. Hata Sheria ya Kanuni ya 1983 ina nafasi isiyotumika sana: kanuni ya 1116 inatambua ndoa iliyofungwa mbele ya mashahidi peke yao panapotarajiwa kwamba mhudumu hatapatikana kwa mwezi mzima, na kanuni ya 1112 inaruhusu mlei kusimamia ndoa, baraza la maaskofu likiafiki na Roma ikikubali. Katekista wa kigango anazijua koo zote mbili, anajua mahari imefika wapi na nani ana mke mwingine Mbamba Bay. Padre hajui hata nusu ya hayo.

Pingamizi ninaloliogopa haliwahusu wanateolojia. Ndoa kwa hatua ina shimo, na anayetumbukia humo kwa kawaida ni mwanamke. Mwanamume anaweza kuishia hatua ya pili, akaenda dago jingine la uvuvi, akaanza upya kwa mwingine, na ukoo ukamwonea aibu bila kumgusa. Serikali ililiona hilo mapema kuliko makanisa: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inawadhania kuwa mke na mume wawili walioishi pamoja miaka miwili na kujulikana hivyo, na mwanamke anaweza kudai matunzo hata dhana hiyo ikikanushwa mahakamani. Sheria hiyo hiyo haikubali mahari isiyolipwa ibatilishe ndoa. Jimbo litakalotaka kuzibariki hatua litapaswa kuanzia hapo: posa ikishabarikiwa mbele ya jumuiya, mwanamume anayeondoka aulizwe na jumuiya hiyo, kwa jina, Jumapili, na swali la komunyo limhusu yeye kabla ya mama aliyebaki na watoto.