Tizi ya nguvu na boli ya wachache: Vile dogo anafaa kuchanganya

Boli ya watatu kwa watatu, ile ya mawe mawili ndiyo goli, ni mwalimu mkali kuliko makocha wengi. Wachezaji wakiwa wachache kila msee anagusa mpira sana, anakaba, anageuka, anarudi. Hakuna pa kujificha. Chezeni wanne kwa wanne, raundi nne za dakika nne, mkipumzika dakika tatu katikati. Mkikazana kweli, moyo unafika karibu asilimia 90 ya uwezo wake. Hiyo ni tizi ya pumzi tosha bila kuzunguka kiwanja kama punda.

Shida ni hii: kiwanja kidogo hakikuachi ufike spidi yako ya mwisho, ukichomoka tu ukuta umefika. Tena kila kugeuka ghafla kunabana goti na kifundo cha mguu. Dogo ambaye mapaja yake hayana nguvu anaweza kuchana msuli wiki ileile skauti anakuja mtaani, na hiyo chansi hairudi hivi karibuni.

Nguvu haidai jimu. FIFA wana programu inaitwa 11+, ya kuanzia miaka 14, inachukua dakika 20: 8 za mbio za pole, 10 za nguvu, kuruka na balansi, halafu 2 za mbio za kasi. Ilijaribiwa Norway kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, na matokeo yaliyotoka 2008 yalionyesha majeraha mabaya yalipungua karibu nusu. Zoezi kali humo ndani ni Nordic. Piga magoti, beste akushike vifundo, shuka mbele polepole mgongo ukiwa umenyooka. Usilifanye siku moja kabla ya mechi, mapaja yatakulilia uwanjani.

Na ile story ati kubeba vitu kunamzuia mtoto kurefuka, zii, ni uongo. Kinachoumiza ni kung'ang'ana na vile vyuma vya mikebe ya simiti ndio mbogi ikuone. Anza na mwili wako: skwoti, pushapu, kusimama mguu mmoja. Uzito uje baadaye, mtu anayejua akikuangalia.

Kama mechi ni Jumapili, fanya nguvu Jumatatu jioni kidogo tu, Alhamisi ndiyo iwe kali. Kuruka na skwoti vitangulie ukiwa fresh, boli ya wachache ifuate. Ongeza mbio tano ama sita za mita 30, ukipumzika vizuri kati yake, kwa sababu hiyo spidi watatu kwa watatu haikupi.

Chunga pia ule mwaka dogo anarefuka ghafla, wasichana mara nyingi wakiwa 12 hivi na maboy 14. Akisema panauma pale kwenye nundu chini ya goti, punguza kuruka, usimwambie akaze. Maumivu yakikataa kuisha, aende aonekane na daktari.

Baada ya tizi, chapo ndengu ama ugali omena. Soda na smokie hazijengi msuli.