Nyumba Yetu, Ardhi ya Wenyewe: Jinsi Wazee Walivyojenga Ng'ambo



Kila tukutanapo, swali moja hurudi: nyumba ya wazee kule Unguja ni mali ya nani, na kiwanja chake ni cha nani? Vijana waliozaliwa huku ugenini hudhani kuwa nyumba na kiwanja ni kitu kimoja. Kwa wazee wetu hayakuwa hivyo hata siku moja, na asiyeijua tofauti hiyo hawezi kuyafahamu maisha yao.

Ng'ambo, kama jina lisemavyo, ni upande wa pili wa hori lililoutenga Mji Mkongwe. Hori limekwisha kufukiwa, jina limebaki. Baada ya amri ya tarehe 6 Aprili 1897 ya kufuta utumwa, watu wengi waliyaacha mashamba wakaja mjini kutafuta ujira. Wengine walitoka bara, wengine Ngazija. Majumba ya mawe hayakuwa saizi yao. Lakini ng'ambo ya hori palikuwa na ardhi ya matajiri na ardhi ya wakfu, na mwenyewe alimruhusu mtu kujenga bure au kwa kodi ndogo. Kwa desturi, ardhi ilibaki kuwa ya mwenye ardhi, nyumba ikawa ya aliyeijenga, na minazi iliyosimama uani yaweza kuwa ya mtu wa tatu!

Gharama ya ujenzi ilikuwa ndogo kwa sababu karibu kila kitu kilipatikana jirani. Boriti za mikoko zilisimamishwa, fito zikafungwa kwa kamba, udongo ukachimbwa papo hapo, ukakanyagwa kwa miguu, na ukuta ukatomelewa kwa vijiwe. Juu yakapandishwa makombamoyo na pau, kisha makuti yaliyosukwa na akina mama. Majirani walikuja kukandika, na mwenye nyumba akapika sinia za wali. Aliyekuwa na chumba kimoja mwaka huu aliongeza cha pili mwaka ujao. Makuti yalipochakaa aliezeka madebe yaliyobanjuliwa, na akijaaliwa, mabati. Hakuna aliyekopa.

Wako wanaosema kwa haya kwamba wazee wetu waliishi katika vibanda. Mimi sikubaliani nao. Nyumba ile yenye baraza mbele, ukumbi katikati na ua nyuma ilikuwa kitega uchumi. Chumba kimoja alipangishwa mgeni. Barazani viliuzwa vitumbua asubuhi. Uani walifugwa kuku. Wengi wa wenye nyumba hizo walikuwa wanawake, ambao penginepo wasingepata mali ya kudumu iliyo yao wenyewe. Fedha ambayo haikuzama katika kuta ilikwenda kwenye chuo cha Kurani, kwenye karo, na baadaye kwenye nauli za waliotutangulia kusafiri.

Udhaifu ulikuwa chini ya miguu. Katika miaka ya 1920 thamani ya ardhi ya mji ilipanda, na wenye ardhi wakapandisha kodi. Ilikuwa bado zama za rupia, maana shilingi iliingia Unguja mwaka 1936. Mpangaji wa ardhi angefanya nini? Boriti zaweza kung'olewa, lakini ukuta wa udongo hauchukuliki kichwani. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi, wanawake kwa wanaume, na Serikali ya Kiingereza hatimaye ikalazimika kuweka sheria ya kuzuia kodi hizo zisipandishwe ovyo. Mwaka huo huo Siti binti Saad, mkazi wa Ng'ambo naye, alikwenda Bombay kurekodi nyimbo zake.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, ardhi yote ilitangazwa kuwa mali ya Serikali, na kodi ya mwenye ardhi ikafikia mwisho. Mitaa kadhaa ya Ng'ambo ilibomolewa ili kupisha majumba marefu ya Michenzani. Nyumba yetu ilinusurika. Sheria ya Umilikaji Ardhi ya 1992 nayo imeshikilia kuwa ardhi ni ya umma. Raia hupewa haki ya kuitumia.

Kwa hiyo wale miongoni mwetu wanaopendekeza "kiwanja chetu" kiuzwe na fedha zigawanywe wafahamu kwamba Bibi hakuturithisha kiwanja. Alituachia kuta, paa na baraza, na jamaa zetu wanaoishi humo ndio waliokandika na kuezeka miaka yote hii tulipokuwa mbali.

Shauri hili litazungumzwa katika kikao cha wazee siku ya pili ya mkutano. Aliye na stakabadhi za kodi ya ardhi za zamani, barua ya ruhusa ya kujenga, au picha yoyote ya nyumba kabla haijaezekwa mabati, tafadhali aje nayo. Asiyeweza kuhudhuria ampe katibu nakala.