Naijua lakini siielewi: Historia fupi ya sayansi katika shule zetu

Jumamosi iliyopita mjukuu wangu aliye Gredi ya Saba alinijia na daftari lake la sayansi. Alikuwa na jaribio Jumatatu. Nikamwambia anisomee alichojifunza. Akasimama wima kama askari kwenye gwaride, akafumba macho, akaimwaga fasili ya usanisinuru kwa Kiingereza bila kukosea hata neno moja. Nikampongeza. Kisha nikamuuliza: "Sasa ule mharagwe alioupanda nyanya yako nyuma ya jiko, wenyewe hula nini?"

Akanikodolea macho. "Babu, maharagwe hayali."

Nikamwelekeza kwenye daftari lake mwenyewe. Akatazama, akacheka kwa haya, akasema: "Babu, hii kitu naijua, lakini siielewi."

Sikumsahihisha ngeli. Sentensi ile ilikuwa imenifika, na kwa juma zima imekataa kunitoka. Mimi nimefundisha chuo kikuu kwa zaidi ya miaka thelathini, na nimewaona wanafunzi wengi wanaojua wasichokielewa. Nimewaona pia, tangu utotoni mwangu, wengine wengi ambao walielewa lakini hawakuruhusiwa kujua. Hao hawakufika chuo kikuu. Wengi wao hawakufika hata darasa la saba.

Tunapozungumzia watoto wanaokatiza masomo, kwa kawaida tunataja karo, njaa, mimba za mapema na kazi za nyumbani. Ni kweli tupu, na atakayezikana sababu hizo hajaishi nchini humu. Ila upo mlango mwingine ambao watoto wetu hutokea, nao ni wa kimya. Mtoto hukaa darasani mwaka baada ya mwaka bila kuelewa, akajiaminisha kwamba yeye ni mjinga, na siku karo inapokosekana hana sababu ya kupigania kurudi. Katika historia yetu, mlango huo umekuwa wazi zaidi katika somo la sayansi kuliko lolote lingine.

Hebu turudi nyuma kidogo, hadi mwaka 1963. Huko Tanganyika, katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Lushoto, kijana aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakasubiri yapoe ndipo wayatie kwenye friji. Siku hiyo nafasi ya friji ilikuwa haba, na Mpemba akaogopa kuikosa. Akayaingiza maziwa yake yakiwa bado moto. Aliporudi, kumbe yake yalikuwa yameganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingia yakiwa baridi! Alipomuuliza mwalimu wake wa fizikia, aliambiwa amechanganyikiwa. Alipoendelea na masomo ya juu katika shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akachekwa. Hatimaye Dkt Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alizuru shule hiyo kutoa mhadhara. Kijana akanyanyuka, akauliza swali lile lile. Wenzake wakaangua kicheko. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam akaagiza lifanyiwe majaribio, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Leo wanafizikia duniani huliita jambo hilo kwa jina la Mpemba, na wangali wanabishana juu yake.

Hukipenda kisa hiki tukakisimulia kama ushindi. Mimi hukisimulia kama hesabu. Swali hilo moja lilidhihakiwa mara kadhaa kabla ya kumpata msikilizaji mmoja. Je, maswali mangapi yalikufa katika dhihaka ya kwanza?

Huku kwetu, bendera ya uhuru ilipopandishwa Disemba 1963, serikali iliunda tume ya elimu chini ya Profesa Simeon Ominde. Ripoti yake ya kwanza ilitolewa mwaka 1964. Pamoja na mengine mengi mazuri, tume ilikubali Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Mtindo huo ulikuwa umeanza mwaka 1957 kama jaribio katika shule za watoto wa Kiasia jijini Nairobi, kisha ukaenea. Kiswahili kilipendekezwa kiwe somo. Tusiwabeze wazee hao. Nchi ilikuwa na madaktari na wahandisi Waafrika wa kuhesabika kwa vidole, mitihani yote ilikuwa kwa Kiingereza, na wazazi wenyewe walikitaka kwa hamu. Hata hivyo, uamuzi ule ulimfanya mtoto wa kijijini akabiliane na vigeni viwili kwa pamoja: dhana asiyoijua katika lugha asiyoijua.

Jambo lisilokumbukwa na wengi ni kwamba katika muongo huo huo palikuwepo jaribio jingine, lililokwenda kinyume kabisa. Kuanzia mwaka 1965 wataalamu kutoka nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo, walishirikiana na wenzao wa Marekani na Uingereza kuandaa mpango wa sayansi kwa shule za msingi. Hawakuanza na fasili. Walianza na mchanga mkavu na mchanga mbichi, mbegu, mbu, vitu vinavyoelea na vinavyozama, na ujenzi wa vitu kwa nyasi. Mtoto alipewa kitu akishike, akigeuze, akiulize. Msomi Eleanor Duckworth alipokuja Kenya kuutathmini mpango huo, hakuwapa watoto mtihani wa maswali na majibu. Aliwapa vifaa akatazama watakavyovifanya. Wale waliosoma katika mpango huo walibuni mambo mengi zaidi ya kujaribu kuliko wenzao.

Mbona basi hatukuendelea? Mpango wa namna hiyo unahitaji walimu waliofunzwa vizuri na madarasa yasiyofurika. Aidha, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, CPE, haukuwa na haja na mchanga wala mbu. Ulitaka jibu sahihi kwa Kiingereza. Mwalimu si mjinga. Hufundisha kinachotahiniwa.

Mimi mwenyewe nilianza darasa la kwanza mwaka 1968. Darasani tulikuwa na mvulana mmoja ambaye hadi leo sijakutana na akili kama yake. Alitengeneza lori la waya lenye usukani unaogeuka. Angeifungua pampu ya baiskeli, akatuonyesha kile kiduara cha ngozi ndani, na kutueleza kwa nini kikikauka pampu haifanyi kazi. Siku moja katika darasa la tano mwalimu aliuliza, kwa Kiingereza, maana ya shinikizo. Rafiki yangu akanyoosha mkono akasema, kwa lugha yetu ya nyumbani, kwamba ni hewa iliyobanwa inayotafuta pa kutokea. Jibu zuri kuliko hilo sijawahi kulipata. Alivishwa kile kibao cha waliozungumza lugha ya mama, akakivaa hadi jioni. Tangu siku hiyo sikumbuki kuuona mkono wake ukinyooshwa.

Mwaka 1973, tukiwa darasa la sita, alirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Wengi wetu tulirudishwa mwaka huo, lakini tulirejea. Yeye hakurejea. Nilipomfuata aliniambia: "Nirudi kufanya nini? Kule mimi ni bubu."

Disemba hiyo hiyo Rais Jomo Kenyatta alitangaza kwamba karo ingefutwa katika darasa la kwanza hadi la nne kuanzia Januari 1974. Nchi nzima ilishangilia. Idadi ya watoto walioingia darasa la kwanza iliruka kutoka takriban 380,000 mwaka 1973 hadi takriban 960,000 mwaka 1974. Dadake rafiki yangu alikuwa mmoja wao. Lakini madarasa yalikuwa yale yale, madawati yale yale, na walimu wengi walioongezwa hawakuwa wamepitia chuo chochote. Shule zikaanza kudai ada za ujenzi, na penginepo ada hizo zilizidi hiyo karo iliyofutwa. Wengi walioingia kwa vifijo walitoka kimyakimya. Msichana yule hakuumaliza mwaka wa pili.

Katika miaka hiyo ya sabini palitokea mageuzi ambayo nayo yamesahauliwa. Katika Wizara ya Elimu, watu wa mitihani, miongoni mwao mtaalamu Anthony Somerset, walianza kuubadilisha mtihani wa CPE. Walipunguza maswali ya kukariri, wakaongeza yale ya kufikiri, hasa ya sayansi yaliyotokana na maisha ya shambani na jikoni. Tena kuanzia mwaka 1976 walizipelekea shule jarida lililoeleza watoto walikosea wapi na kwa nini. Walimu wakaanza kufundisha tofauti, maana kinachotahiniwa kilikuwa kimebadilika. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mtihani unaoweza kuua somo unaweza pia kulifufua. Mwaka huo huo Tume ya Gachathi ilipendekeza lugha ya eneo itumike katika madarasa matatu ya mwanzo. Pendekezo hilo lipo hadi leo, ingawa mara nyingi linaishi zaidi katika karatasi kuliko darasani.

Mfumo wa 8-4-4, uliozinduliwa mwaka 1985, ulikuja na nia njema ya elimu ya vitendo. Kiswahili nacho kikawa somo la lazima linalotahiniwa. Lakini karakana na maabara zilitakiwa zijengwe na wazazi, na sera ya kugawana gharama ilipotiliwa mkazo mwaka 1988, mzigo ukawalemea. Shule za harambee zilikuwa zimeshayaonja hayo zamani: nyingi ziliegemea masomo ya sanaa kwa sababu mwalimu mmoja na chaki vilitosha. Wasichana waliojaa humo walikosa fizikia kwa kukosa chumba, wala si kwa kukosa akili.

Mwaka 1998 ulianza mradi wa kuwanoa walimu wa sayansi na hisabati wa sekondari, kwa ushirikiano na Japani, maarufu kama SMASSE. Ulisisitiza vitendo, majaribio na ubunifu wa vifaa: chupa tupu ikageuka bika, sindano ya hospitali ikageuka pampu. Mwaka 2003 karo ya shule za msingi ilifutwa, na wanafunzi wakaongezeka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Mwaka uliofuata mzee Kimani Maruge, aliyesema ana umri wa miaka 84, aliingia darasa la kwanza Eldoret, na dunia ikatushangilia. Naam, lakini yale ya 1974 yakajirudia: madarasa yakafurika, mwalimu akakosa nafasi ya kumsikiliza mtoto mmoja mmoja.

Wapo watakaoniambia: "Profesa, dawa ni kufundisha sayansi kwa Kiswahili, basi." Laiti ingekuwa rahisi hivyo! Tanzania imefundisha shule za msingi za umma kwa Kiswahili tangu mwaka 1967. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba na sekondari zifuate, serikali ikakataa. Mwaka 1984 uchunguzi wa Criper na Dodd ulionyesha kuwa wanafunzi wengi wa sekondari hawakukifahamu Kiingereza vya kutosha kufuata masomo. Kwa hiyo huko ukuta umesogezwa mbele tu, hadi kidato cha kwanza. Tena mtoto anaweza kulikariri neno "usanisinuru" kama anavyoikariri ile fasili ya Kiingereza, asielewe yote mawili.

Hata hivyo, kuna tofauti. Ndani ya "usanisinuru" mtoto wetu anasikia "nuru". Ana mahali pa kushika. Mwalimu akianzia hapo, kazi imepungua. Istilahi tunazo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kamusi hiyo inakaribia miaka arobaini, na sijaiona katika shule yoyote ya Kenya niliyoitembelea.

Mtaala wa Umilisi ulianza kujaribiwa mwaka 2017, na serikali inatamani vijana wengi wafuate njia ya sayansi na teknolojia. Ninaunga mkono. Ninachoomba ni mambo matatu ambayo historia imeshatuonyesha. Kwanza, mwalimu wa Gredi ya Nne na kuendelea aruhusiwe waziwazi, bila woga wa mkaguzi, kueleza dhana kwa Kiswahili au lugha ya eneo kabla ya kuitaja kwa Kiingereza. Pili, tathmini zimuulize mtoto atafanya nini na kwa nini, kama walivyofanya wale wa miaka ya sabini. Tatu, hicho kibao cha shingoni, kwa jina lolote kinachoitwa siku hizi, kichomwe moto. Hayo matatu hayahitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Rafiki yangu wa darasa la sita ni fundi wa baiskeli na pampu za maji sokoni kwetu. Nilimpitia mwaka jana. Alikuwa akiwafunza vijana wawili, mmoja wao aliyeacha shule kidato cha pili. "Hewa imebanwa, inatafuta pa kutokea," alikuwa akiwaambia. Nusu karne baadaye, maneno yale yale.

Mjukuu wangu naye? Tulishinda Jumapili nyuma ya jiko tukifunika majani ya mharagwe kwa karatasi, akiuliza maswali ambayo mengine sikuyaweza. Jumatatu jioni alinipigia simu, amepata alama zote. Nikamuuliza kama waliulizwa mharagwe hula nini.

"La, Babu," akasema. "Waliuliza fasili tu."