Sauti Nzito na Kuta za Mwananyamala

Somo letu la historia leo halina habari za wafalme wala za vita. Ni habari za chumba. Tutatazama jinsi kuta za nyumba zetu zilivyobadilika, na jinsi badiliko hilo lilivyozaa taabu moja. Mtu amejinyima, amenunua televisheni na sabufa, ameketi na wanawe kutazama sinema. Lakini chumba chote kinanguruma, na maneno hayasikiki.

Tuanze na Mwananyamala yenyewe. Wazee husimulia kwamba jina hilo ni la Kizaramo, na maana yake ni "mtoto, nyamaza." Hata hivyo, Wazaramo ni watu wa ngoma. Mdundiko, kwa mfano, huchezwa kwa kutembea njiani, wapigaji mbele na watu wakifuata. Sauti ya ngoma kubwa huenda mbali sana, lakini huko nje hakuna ukuta wa kuirudisha. Ikisha kupita, imepita.

Nyumba nazo zilikuwa za miti na fito, zikakandikwa udongo, zikaezekwa makuti na baadaye bati. Katikati ukumbi, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Mara nyingi kuta za ndani hazikufika paani, wala dari haikuwapo. Kwa hiyo sauti nzito ilipata pa kutokea juu, na ukuta wa udongo wenyewe ulitikisika kidogo ukaipunguza nguvu. (Siri nazo zilitokea hapo hapo juu, mpangaji wa chumba cha kwanza aliyajua ya chumba cha tatu.) Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kutangaza mwaka 1951, redio za watu zilikuwa na spika ndogo. Spika ndogo haiwezi kusukuma hewa nyingi, basi besi ilikuwa haba, na maneno yalisikika wazi.

Kisha ikaja saruji. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, likabomoa nyumba za udongo mahali kama Magomeni na kujenga za matofali ya saruji. Mwaka 1966 kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kikaanza kazi, kaskazini ya mji. Tangu hapo, polepole, mwenye nyumba mmoja baada ya mwingine alibomoa fito akasimamisha tofali. Nani angemlaumu? Mchwa hali tofali, na mvua ya masika haiwezi kulibomoa upesi. Lakini tofali ni zito na gumu. Sauti ikiligonga, hurudi karibu yote.

Muziki wenyewe ulikawia kuingia ndani. Katika miaka ya 1990 vijana wa Mwananyamala walipiga mchiriku barabarani: kinanda kidogo cha Casio, ngoma, kigoda cha kugonga kwa vijiti, na vipaza sauti vya pembe. Jagwa Music, kikundi cha hapo hapo, kilitoa albamu yake Bongo Hotheads huko Ulaya mwaka 2012. Vipaza sauti vya pembe hupiga kelele kali, lakini besi havina. Sauti nzito ilitoka katika ngoma, na mbingu ndiyo iliyokuwa dari yake.

Kilichoiingiza besi chumbani ni sinema. Zanzibar walikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, lakini Bara ilianza mwaka 1994 tu. Kabla ya hapo, mikanda ya video ilikwisha kuenea, na watu walijazana katika vibanda kuitazama. Huko walisikia watafsiri, na aliyejulikana sana Dar es Salaam ni Lufufu, aliyesimulia sinema za kigeni kwa Kiswahili. Fikirini basi: mabomu na ngurumo za sinema zikikizidi chumba, maneno ya mtafsiri hupotea, na mtazamaji asiyejua lugha ya kigeni hubaki na picha tupu. Baadaye sabufa zikawa rahisi, kibanda kikahamia sebuleni, na taabu ikahamia pamoja nacho.

Watu wengine walikwisha kutana na taabu ya namna hii. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilipata ukumbi mpya wa masomo ambamo mwalimu hakueleweka. Neno moja lilikaa hewani zaidi ya sekunde tano, likachanganyika na lililofuata. Mwalimu kijana, Wallace Sabine, akapewa kazi ya kutafuta sababu. Usiku, mji ukisha tulia, alibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akapiga filimbi ya kinanda, akapima kwa saa sauti inakufa baada ya muda gani. Akaona kwamba kadiri vitu laini vinavyozidi, sauti hufa upesi. Maarifa hayo yalitumika kujenga Symphony Hall ya Boston, iliyofunguliwa mwaka 1900.

Lakini sauti nzito ni kaidi kuliko nyingine. Sauti huenda kama mita 340 kwa sekunde. Besi inayotikisika mara 42 au 43 kwa sekunde ina wimbi la mita 8, na nusu yake ni mita 4, urefu wa chumba cha kawaida. Wimbi likienda na kurudi kati ya kuta hizo, hujikuta lenyewe: karibu na ukuta besi huzidi, katikati hufifia. Chumba cha mraba ni kibaya zaidi, kwa kuwa kuta zote nne zinaikuza sauti ile ile.

Basi, wengi hukosea hapa: wakiketi katikati hawaisikii besi, huongeza nguvu, na jirani ndiye anayeipata. Kwanza sogezeni kiti. Kisha wekeni sabufa mahali pa kiti, pigeni muziki, mpite mkiinama kando ya kuta. Mahali besi inaposikika sawasawa ndipo pa kuiweka. Pembeni mwa chumba huvuma kupita kiasi. Zulia jembamba na trei za mayai hula sauti nyembamba tu. Besi yataka kitu kinene, kama magodoro ya sufi yaliyosimamishwa pembeni, yakiachiwa nafasi kidogo na ukuta. Dari ya jipsamu nayo husaidia, maana hutikisika kidogo. Lakini godoro halimzuii jirani asisikie. Kwake yeye dawa ni kupunguza sauti, na tangu mwaka 2015 ziko kanuni za serikali juu ya kelele na mitetemo.

Kwa somo lijalo, kila mmoja apime chumba chake, urefu, upana na kimo, aandike mita hizo katika daftari. Urefu uuzidishe mara mbili, kisha gawanyeni 340 kwa jibu hilo. Mtakayoipata ndiyo sauti ambayo chumba chenu huipenda mno.