Gwanda, Tepe na Nishani: Fahari ya Kijeshi katika Mavazi na Kumbukumbu za Watu wa Afrika Mashariki



1. Utangulizi

Historia ya majeshi katika Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kutokana na taarifa za makamanda na amri za serikali. Mhadhara huu unakusudia kuitazama historia hiyo kwa upande mwingine: upande wa nguo iliyoshonwa na fundi wa mtaani, tepe zilizohifadhiwa sandukuni, na nishani iliyofungwa katika kitambaa ikingoja siku ya sherehe. Vitu hivi ni vidogo, lakini ndivyo vilivyomwezesha mtu asiye na cheo serikalini kusema mbele ya majirani zake kwamba naye alikuwako, au kwamba mwanawe alikuwako.

Hoja yangu ni kwamba watu wa kawaida waliichukua alama ya jeshi kutoka mikononi mwa dola wakaipa kazi yao wenyewe, nayo ni kujenga heshima, kusaidiana na kudai haki. Kwa hiyo kumbukumbu hizo zina uzito wa hati, na jamii inayoziacha zipotee inapoteza ushahidi wake.

2. Ushahidi wa maneno

Tuanze na lugha, kwani msamiati wa mavazi ya kijeshi ni ghala la historia. Neno "askari" tumelipata kwa Waarabu. "Nishani" asili yake ni Kiajemi. "Kaki" nalo linatokana na neno la Kiajemi lenye maana ya vumbi, likapitia Bara Hindi, ambako majeshi ya Waingereza yalianza kuvaa nguo za rangi hiyo kabla ya kuzileta kwetu. "Tepe" ni la Kiingereza, nasi tumelijengea misemo yetu: mtu hupewa tepe, na akikosa huvuliwa tepe.

Neno "gwanda" lina safari ya aina nyingine. Katika kamusi za zamani gwanda ni kanzu fupi inayoishia chini kidogo ya kiuno. Leo msikilizaji akilisikia neno hilo humfikiria mwanajeshi, na "kuvua gwanda" ni kuacha utumishi wa jeshi. Vazi la raia limempa askari jina la vazi lake. Vivyo hivyo herufi za kwanza za jina la Kiingereza la kikosi cha King's African Rifles, kilichoundwa mwaka 1902, zilitamkwa na wenyeji hadi zikawa neno kamili, "keya", likimaanisha kikosi na hata askari mwenyewe.

Lililo muhimu kuliko yote ni neno "sare". Sare ni hali ya kulingana, kama timu mbili zinapotoka bila mshindi. Sare pia ni vazi la pamoja, la askari na la wanafunzi, na ndilo vazi wanalokubaliana akina mama wanapokwenda harusini. Neno lenyewe halitaji amri wala utii. Linataja usawa wa wanaolivaa. Maana hiyo itatusaidia kuielewa ngoma ya beni.

3. Beni: jeshi lisilo na bunduki

Beni, ambayo jina lake limetokana na neno la Kiingereza la bendi, ilianza katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilienea bara pamoja na askari, wapagazi na vibarua, hadi Tanganyika yote, Nyasaland na Katanga. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1975. Katika Tanganyika vyama vilivyovuma zaidi vilikuwa Marini na Arinoti. Wanachama walicheza kwa mwendo wa gwaride, wakavaa mavazi ya kijeshi au ya kibaharia, na wakapeana vyeo vya wafalme, majenerali na makapteni. Wanawake nao walikuwa na vyeo vyao.

Wapo waliosema kwamba huu ulikuwa uigaji mtupu wa Mzungu. Maelezo hayo hayatoshi, hasa tukikumbuka kwamba katika kusini ya Tanganyika nguo ya kaki ilikuwa na sura nyingine. Wakati wa Vita vya Maji Maji, kuanzia mwaka 1905 hadi 1907, waliovaa kaki ya Wajerumani ndio waliochoma mashamba na maghala, na njaa iliyofuata iliua watu wengi. Hatuwezi kuizungumzia fahari ya askari bila kuwakumbuka waliolia kwa ajili yake.

Kwa nini basi, miaka michache baadaye, vijana wa nchi hiyohiyo walishona nguo zinazofanana na hizo? Naona jibu limo katika neno sare. Katika jeshi la mkoloni Mwafrika hangeweza kuvuka vyeo vya chini. Katika beni aliweza kuwa jenerali, na cheo hicho alipewa na wenzake waliomfahamu. Tena cheo kilikuja na wajibu. Vyama vya beni vilizika wafu wao, vilimpokea mgeni aliyefika mjini bila ndugu, na vilimsaidia mwanachama aliyepatwa na shida. Si ajabu kwamba baadhi ya maofisa wa kikoloni waliingiwa na shaka. Walioona mzaha katika nguo zile hawakuwa na sababu ya hofu; walioona umoja ndani yake ndio walioogopa.

Mabaki ya desturi hiyo yako hai hadi leo. Katika mwambao wa Ziwa Nyasa, upande wa Tanzania na wa Malawi, ngoma za mganda na malipenga bado huchezwa na wanaume waliojipanga kwa safu, wengi wakiwa na kaptura nyeupe, wakipuliza vibuyu vinavyotoa sauti ya tarumbeta.

4. Kumbukumbu na madai ya haki

Beni inatuonyesha nguo iliyoshonwa upya. Kumbukumbu ni jambo tofauti: ni kitu halisi kilichokuwako vitani na kikarudi na mwenyewe. Askari wa Afrika Mashariki waliopigana Burma katika Vita Kuu ya Pili walirudi na medali ya Burma Star. Waliokuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana katika bonde la Kabaw mwaka 1944, walivaa begani alama ya kichwa cha kifaru. Mnyama wa kwao aliwatambulisha katika misitu ya ugenini.

Thamani ya kumbukumbu hizo ilidhihirika mwaka 1964. Mwaka huo Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha kulipwa kwa malimbikizo ya mishahara ya askari Waafrika waliolitumikia jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, lililosalimu amri mwezi Novemba 1918. Husimuliwa kwamba wazee walipokusanyika Mwanza, wachache tu walikuwa na vyeti walivyopewa mwishoni mwa vita. Wengine walileta vipande vya sare zao chakavu, na wengine hawakuwa na kitu. Ndipo ofisa wa malipo alipompa kila mzee ufagio, akamwamuru kwa Kijerumani afanye mazoezi ya bunduki. Inasemekana hakuna aliyeshindwa.

Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho, nami nakiona kizito. Nguo ilikuwa imeoza, karatasi ilikuwa imepotea, na kilichobaki ni amri za lugha ya kigeni zilizokaa katika viungo vya mwili kwa miaka 46. Mzee aliyehifadhi kipande cha kaki kwa muda wote huo alikuwa ameitunza hati yake ya madai, ingawa hakuna aliyemwahidi kwamba siku moja ingesomwa.

Sasa tuwatazame wasiokuwa na kipande cha kuonyesha. Vita vya mwaka 1914 hadi 1918 viliendeshwa kwa mabega ya wapagazi, na makumi ya maelfu yao walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Wapagazi hawakuwa na gwanda la kujivunia wala tepe ya kupandishwa. Sanamu ya Askari iliyozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1927 inamwonyesha askari peke yake, mwenye sare na bunduki. Katika mnara wa Nairobi, wa mwaka 1928, mpagazi amesimama pamoja na askari, na hilo ni jambo la haki. Lakini ukumbusho mkubwa zaidi wa wapagazi wa Carrier Corps ni neno. Jina la kikosi chao ndilo lililozaa Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariakor ya Nairobi. Maelfu ya watu hununua na kuuza hapo kila siku, na wengi wao hawajui kwamba wanataja jina la kikosi.

5. Baada ya Uhuru

Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, Tanganyika Rifles ilivunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huohuo likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Jina hilo lilitangaza uhusiano mpya baina ya gwanda na raia. Uhusiano huo ulipimwa katika Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, ambapo mgambo walipigana bega kwa bega na wanajeshi. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, wakongwe wa vita huvaa nishani zao hadharani, na kwa saa chache mtaa mzima hujua kwamba yule mzee wa duka la kona alikuwa nani.

Nguo yenyewe, hata hivyo, ina mipaka ya kisheria. Mwezi Agosti 2023 Jeshi la Wananchi liliwapa raia siku 7 kusalimisha mavazi ya kijeshi au yanayofanana nayo. Nchini Uganda, kofia nyekundu ya bereti, iliyokuwa alama ya wafuasi wa mwanasiasa Bobi Wine, iliwekwa mwaka 2019 katika orodha ya mavazi ya jeshi. Dola ina sababu ya kulinda sare yake, maana mhalifu aliyevaa gwanda huharibu imani ya wananchi. Lakini zuio hilo lisitufanye tuyatupe yote kwa pamoja. Nishani ya babu, picha yake akiwa kazini, barua yake kutoka kambini na cheti chake cha kustaafu ni mali halali ya ukoo.

6. Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba fahari ya kijeshi ya watu wetu haikuwa utii mtupu kwa mwenye jeshi. Ilikuwa njia ya kudai kutambuliwa, na pale kitambaa kilipokosekana, lugha ilichukua nafasi yake.

Wanajeshi walioingia Kagera wakiwa vijana sasa ni wazee. Nawaomba wanafunzi wa Kiswahili waliomo ukumbini wafanye kazi ambayo haihitaji fedha nyingi. Mtakaporudi nyumbani likizo, waombeni wazee ruhusa ya kufungua masanduku. Andikeni jina la kila kitu kama mwenyewe anavyolitamka, aliyempa, mahali alipokipata na siku anazokivaa. Wazee wa Mwanza walipimwa kwa ufagio kwa sababu hakuna aliyewahi kuyaandika hayo.