Richard Leakey na Mizabibu ya Kona Baridi

Richard Leakey (1944–2022) aliishi miaka yake ya mwisho Kona Baridi, Kaunti ya Kajiado, kwenye ukingo unaotazama Bonde la Ufa. Wengi humkumbuka kwa utafiti wake wa visukuku vya Turkana na, kuanzia 1989, kwa kuwakabili majangili wa ndovu. Mwaka 1993 ndege aliyokuwa akiirusha mwenyewe ilianguka. Akakatwa miguu yote miwili chini ya magoti, akajifunza kutembea kwa miguu ya bandia.

Yasiyosimuliwa sana ni mambo aliyoyafanya kwa kuyapenda tu. Alikuwa mpishi hodari. Zaidi ya hayo alipanda mizabibu ya pinot noir, aina inayowasumbua hata wakulima wa Ufaransa. Mzabibu hupumzika msimu wa baridi kali. Karibu na ikweta msimu huo haupo, hivyo mkulima huupogoa ili uanze upya, huku akitegemea ubaridi wa mwinuko. Ulikuwa ukaidi wa mtafiti, wala si biashara ya kutajirisha. Divai ilipatikana, ikapewa jina la Ol Choro Onyore.

Alifariki tarehe 2 Januari 2022, akiwa na miaka 77, akazikwa kilimani akitazamana na Bonde la Ufa.